Kabla ya kuvaa msalaba, mrudishie Bibi pesa yake

SWALI

"Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu, na shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 26, kwetu Korogwe, ni Mwanglikana. Huu ni mwaka wangu wa pili hapa Wete, Pemba. Ni karani katika duka la jumla la mchele, unga, sukari na mafuta, na Mkristo ni mimi peke yangu. Wenzangu si watu wabaya ila hawakosi neno: mara 'nyinyi watu wa kanisani kazi yenu ulevi', mara waniulize nguruwe ana ladha gani. Nao wenzangu wa ushirika wanasema ninaionea haya Injili kwa sababu sivai msalaba, sigawi vipeperushi, na Ramadhani ninakula ndani ya stoo. Nataka watu wamwone Kristo kwangu lakini sijui nianzie wapi. Hasira zangu ziko karibu na ulimi. Mwezi uliopita nilimdai bibi mmoja muuza vitumbua shilingi 35,000, akasema keshalipa, nikamjibu vibaya mbele ya watu, akalipa. Baadaye nikaiona karatasi, kumbe kweli alikuwa amelipa. Nimenyamaza kwa sababu naogopa watasema 'si mnawaona Wakristo'. Tajiri wangu ana duka jingine Unguja, Darajani. Je, niombe kuhamia huko kwenye Wakristo wengi, nijenge imani yangu kwanza?"

JIBU

Amina, na marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila mara nimesimama kwenye zile shilingi 35,000. Msalaba, vipeperushi, Ramadhani, masihara ya dukani na kuhama, yote nitayajibu. Lakini unaniuliza uanzie wapi ili watu wamwone Kristo kwako, na pa kuanzia umepaandika wewe mwenyewe, kwa sentensi tatu, kisha ukapita. Anza kwa Bibi.

Hebu tuifikirie pesa yenyewe. Tuseme kitumbua kimoja anauza shilingi 200. Shilingi 35,000 ni vitumbua 175, na hapo hujatoa mchele, nazi, sukari, mafuta na kuni. Ni mchele ulioroweshwa jana yake, ni mama aliyeamka watu wamelala akakaa mbele ya moto, ni wajukuu waliotumwa na sinia mtaani. Aliilipa pesa hiyo mara ya kwanza kwa haki. Mara ya pili aliilipa kwa aibu, kwa sababu mtoto wa umri wa mjukuu wake alimpandishia sauti mbele ya watu, naye akaona bora yaishe.

Unaogopa watu wakijua watasema "si mnawaona Wakristo". Mwanangu, wameshasema. Bibi anajua alilipa. Kwake wanajua, na jirani anayekaa naye barazani jioni anajua. Uliyebaki ukidhani jambo limefichika ni wewe. Kunyamaza kwako hakulilindi jina la Kristo hapo Wete. Kunaacha lisemwe vile lilivyosemwa, bila neno jingine la kuongezea. Paulo aliwaandikia Warumi, sura ya pili, kwamba jina la Mungu linatukanwa katika Mataifa kwa ajili ya watu wanaojisifu kwa sheria huku wanaivunja. Hakuwaambia walifiche kosa ili jina lisitukanwe.

Basi fanya hivi. Anza kwa tajiri, kwa kuwa pesa imeingia kwenye hesabu yake. Nenda na ile karatasi mkononi. Usimwambie "kuna hitilafu kwenye daftari", maana daftari halina mikono. Mwambie: nilipokea, sikuandika, nikamdai tena, nikamtolea maneno, na karatasi hii hapa nimekaa nayo mwezi mzima. Huenda akakasirika. Huenda akasema akukate kwenye mshahara, na akisema hivyo kubali bila kujitetea. Kwa ninavyowajua wafanyabiashara wa visiwa hivi, wengi hawatakubali haki ya mtu ilale kwenye droo zao baada ya kuambiwa. Lakini akitokea kukataa, lipa wewe, hata kwa mafungu, na Bibi umwambie ukweli kwamba unalipa kwa mafungu.

Kisha nenda kwa Bibi kwa miguu yako. Usimtume mtu wala usimrushie kwa simu. Nenda alasiri, biashara yake ikiwa imeisha na amepumzika. Jitande vizuri, piga hodi, mwamkie, kaa atakapokuonesha. Maneno yawe machache: "Bibi, ile pesa ulikuwa umeshalipa. Mwenye makosa ni mimi. Hii hapa pesa yako, na nakuomba radhi kwa maneno niliyokutolea mbele ya watu." Ishie hapo. Usitie "lakini siku ile dukani kulikuwa na watu wengi". Na tafadhali usitie "kwa kuwa mimi ni Mkristo nimeona nirudishe", maana hapo utakuwa umeitumia pesa yake kujinunulia sifa, na bado ni pesa yake. Akilia, kaa naye. Akikukaripia, sikiliza mpaka amalize. Ana haki hiyo. Akisema yameisha, shukuru uondoke.

Halafu kuna ile aibu ya mbele ya watu, ambayo pesa peke yake haiiondoi. Muulize: "Bibi, unaniruhusu niliseme hili dukani, mbele ya wale waliosikia?" Muulize kweli, usijiamulie. Watu wa huku wanathamini kusitiriana, na wapo ambao jambo likishapita hawataki lifunuliwe tena hata kama wao ndio waliodhulumiwa. Akikataa, iheshimu kauli yake. Akikubali, siku wakiwepo wale wale, sema kwa sauti ile ile uliyomsemea: "Bibi hakuwa na deni, nilikosea mimi."

Torati, katika kitabu cha Hesabu sura ya 5, inamtaka aliyemkosea mwenzake arudishe kile kitu kizima na kuongeza sehemu ya tano. Kwa hesabu yako ni shilingi 7,000. Sikuwekei hilo kama sheria, kwa kuwa Zakayo naye alijipangia mwenyewe kurudisha mara nne. Lakini mtaji wa Bibi ulikaa mwezi mzima nje ya mikono yake, na hiyo nayo ni hasara. Kilo mbili tatu za mchele kutoka mfukoni mwako, ukazinunua kwa bei anayonunua kila mtu, si vibaya kwenda nazo.

Tena jua kwamba hapo unapokwenda utaeleweka haraka kuliko unavyofikiri. Jirani zako Waislamu wanafundishwa tangu chuoni, yaani madrasa, kwamba haki ya mja haifutwi kwa sala na toba peke yake. Mpaka umrudishie mwenyewe, au akusamehe. Na Bwana wetu alisema katika Mathayo sura ya 5: "Basi ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako." Ona kwamba hakusema "ukikumbuka kuwa wewe una neno juu ya ndugu yako". Mwenye neno ni yule mwingine. Mwenye neno ni Bibi. Na wewe kila Jumapili unakwenda madhabahuni.

Siku ukifika Unguja, ingia Kanisa Kuu la Mkunazini. Askofu Edward Steere alilijenga mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Mbele ya madhabahu, sakafuni, kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa marumaru nyekundu. Ndipo, kwa mapokeo ya kanisa, uliposimama mti waliofungwa watumwa wakachapwa. Vijana wa kipaimara huwa nawasimamisha hapo nikawasomea maneno hayo ya Mathayo, kwa sababu mtu anayekwenda kupokea Ekaristi anapita kwanza mahali alipoumizwa binadamu. Askofu Frank Weston, aliyeliongoza kanisa la Zanzibar kuanzia mwaka 1908 mpaka alipofariki mwaka 1924, alilipenda tabanakulo, yaani kisanduku kitakatifu inamohifadhiwa Ekaristi, kuliko wengi wa zama zake. Lakini mwaka 1923 huko London aliwaambia Waanglikana wenzake kwamba hawawezi kudai wanamwabudu Yesu katika tabanakulo ikiwa hawamhurumii Yesu katika mitaa ya maskini. Naye alikuwa amekwisha kugombana na serikali ya nchi yake mwenyewe juu ya kuwatumikisha Waafrika kwa nguvu, kwa hiyo waliomsikiliza walijua anayesema ni nani.

Nakwambia habari hizi kwa sababu Ukristo visiwani umepimwa kwa mwenendo tangu mwanzo. Steere na wamisionari wenzake walifika Unguja mwaka 1864, na wanafunzi wao wa kwanza walikuwa watoto waliotolewa utumwani. Mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, aliyekombolewa utumwani naye, akapewa upadri mwaka 1890. Fikiria walivyokuwa wakitazamwa mitaani: watumwa wa jana, na tena wafuasi wa dini ya wageni. Hapo Pemba ulipo, mwaka 1897 hali ya utumwa ilipofutwa kisheria, walikuja Wakristo wa dhehebu la Quaker, wanaojiita Marafiki, wakanunua shamba la karafuu Banani, upande wa Chake Chake, ili waliotoka utumwani wapate kazi ya ujira. Shamba, karafuu, ujira uliohesabiwa na kulipwa: ushuhuda wao ulipita humo. Lakini tuseme na upande wa pili. Kanisa letu hilo hilo la Kianglikana lilikaa karibu na utawala wa kikoloni, na wapo wazee wanaolikumbuka kama dini ya watawala. Kwa hiyo sauti ya juu, tena ya mtu aliyetoka nje ya kisiwa, ikimsema bibi wa Kipemba juu ya pesa, inagusa mambo yaliyotangulia kuzaliwa kwako. Hukuyaleta wewe, ila unayakuta, na inakupasa uyajue.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani linakuchanganya, na si wewe peke yako. Katika mahubiri yale yale ya mlimani, Yesu anasema nuru yenu na iangaze mbele ya watu, wapate kuyaona matendo yenu mema. Hujageuza kurasa mbili anasema angalieni msifanye wema wenu machoni pa watu kusudi mtazamwe na wao. Tufanye lipi? Soma mwisho wa kauli ya kwanza: "wamtukuze Baba yenu aliye mbinguni." Taa inawekwa juu ya kiango, nayo yaangaza wote waliomo nyumbani. Waliomo nyumbani wanapata kuona mlango, chakula, na uso wa mtoto. Hawakai kuikodolea macho taa. Mtu anayefanya jema ili atazamwe huanza na macho ya watu, kisha akatafuta jambo la kufanya mbele yao. Anayeangaza huanza na kazi iliyo mbele yake na mtu aliye mbele yake. Wakimwona wamemwona, wasipomwona mchele umeshapimwa sawasawa.

Ukitaka kujipima, jiulize: jambo hili ningelifanya kama hakuna atakayejua isipokuwa Mungu na Bibi? Wenzako wa ushirika wanakupima kwa vinavyoonekana kutoka mbali, msalaba na kipeperushi. Sisemi wana nia mbaya. Ila watu wa dukani wanakuona kwa karibu, saa nyingi kila siku, na wanachokiona ni mkono wako kwenye mizani, kalamu yako kwenye daftari, na namna unavyomjibu mtu asiye na pesa. Huku husemwa muungwana ni vitendo, na katika hili Wapemba na Mtume Yakobo wanapatana.

Tuje kwenye hasira na daftari, kwa maana umesema unataka kujenga tabia. Tabia njema haikomboi mtu; tumekombolewa kwa neema, na upole na kiasi Paulo ameviita tunda la Roho. Lakini Roho hafanyi kazi hewani. Anafanya kazi katika mkono wako unaoandika au usioandika. Kosa lako kwa Bibi halikuanza na hasira, lilianza siku ulipopokea pesa ukasema utaandika baadaye. Kwa hiyo tangu kesho, pesa ya deni ikifika mkononi, andika kabla haijaingia kwenye droo. Msomee mteja kwa sauti: "Umelipa 35,000, huna deni." Mpe kipande cha karatasi chenye tarehe, kiasi na sahihi yako. Na usisahau kusoma kwa sauti, kwa sababu wapo wazee waliosoma chuoni wakazijua herufi za Kiarabu, hizi zetu hawazijui. Ukimpa karatasi bila kumsomea umempa kitu cha kuhifadhi asichoweza kukihakikisha.

Mteja akibisha deni, usibishane naye mmesimama. Mpe kiti. Fungua daftari muangalie pamoja, tarehe kwa tarehe. Ukiona huna uhakika, mwambie huna uhakika na kwamba utatafuta, kisha utafute kweli. "Jawabu la upole hugeuza hasira," inasema Mithali 15, na aghalabu tunadhani ni hasira ya yule mwingine tu. Hugeuza na yako. Chunguza pia hasira zako zinakujia lini. Nina shaka ni mwisho wa mwezi, saa za mchana, joto limepanda, hujala, na tajiri anataka hesabu. Kama ndivyo, kula mapema siku hizo. Nasema hivi nikiwa mwalimu wa dini: siku nyingine kinachohitajika kabla ya maombi ni uji na maji ya kunywa.

Usiku kabla hujalala, usijihesabie dhambi kwa majina yake, kiburi, hasira, uvivu; hesabu nyuso. Nani alikuja dukani leo? Nani ameondoka vibaya? Nani nilimjibu nikitazama simu? Ukiona uso uliokwama, mwombee mtu huyo kwa jina, na asubuhi kabla hujafungua daftari mpelekee neno lake. Ukifanya hivi kwa muda utaona mambo yanaanza kukujia mchana, ukiwa bado unaongea na mtu, si usiku baada ya kuharibika. Paulo aliwaambia Warumi kwamba dhiki huleta saburi, na saburi huleta uthabiti wa moyo. Uthabiti huo haupatikani kwa semina ya siku moja, na watu wanaokuahidi hivyo wanakudanganya.

Tena kanisa letu lina kuungama kwa padri, na wengi wetu tumekuacha kama nguo ya sikukuu. Nenda ukaungame jambo hili ukishamlipa Bibi, au hata kabla, upate nguvu ya kwenda. Na mtafute mama mmoja mzima wa imani hapo Wete, anayeweza kukwambia "hapa umekosea" bila kukuchukia. Nikushauri na jingine ambalo wenzako wa ushirika huenda wasilipende: mchague mmoja wa wafanyakazi wenzako Waislamu, yule mwenye busara, umuulize kwa faragha, "Dada, katika tabia yangu nini kinakuudhi?" Atakwambia mambo ambayo kanisani hakuna anayeyajua, kwa sababu kanisani wanakuona umevaa vizuri, umeshika kitabu cha nyimbo.

Masihara ya ulevi na nguruwe usiyape uzito kuliko yanavyostahili. Wapo Wakristo walevi, usikatae. Sema, "Wapo, lakini mimi sinywi," uendelee kupanga mafuta. Wala usitafute kosa la Waislamu la kurudishia. Neno baya juu ya dini ya mtu, dukani kwake, kisiwani kwake, halijamwonesha mtu yeyote Kristo. Wakivuka mpaka, wakakutukana au wakakuzuia kwenda ibada, hilo si masihara tena: mwambie tajiri, kwa utulivu, kwa maneno kamili.

Kula stoo mwezi wa Ramadhani si kuionea haya Injili. Ni adabu. Kula hadharani mbele ya mtu aliyefunga hakumtukuzi Mungu kwa lolote, na kumtesa mwenye kiu si ushuhuda. Kinachonihangaisha ni kitu kingine: wapo Wakristo wanaojifanya wamefunga ili wapendwe. Hilo ni uongo, usilifanye. Ukiulizwa, sema hukufunga. Ukialikwa kufuturu, nenda, na siku nyingine wewe upeleke sahani ya tambi au kaimati kwa jirani kabla ya Magharibi. Msiba ukitokea, uende, ukae na kina mama, ujitande, usaidie kuosha vyombo na kuchambua mchele. Wakisoma dua zao, kaa kwa heshima, kimya. Huhitaji kuigiza usichokiamini, wala huhitaji kutoka nje ili waone kwamba huamini.

Msalaba, ukitaka kuvaa, vaa. Si dhambi kuvaa wala kutovaa. Ila kabla hujauvaa, maliza jambo la Bibi, kwa sababu siku utakayotokea na msalaba shingoni watu watautazama kisha watalitazama daftari. Vipeperushi dukani, hapana. Saa zile ameshazinunua tajiri, na wateja wamekuja kununua sukari. Nje ya kazi ni jambo jingine, na hapo pia ujiulize kama unampa mtu karatasi kwa kuwa unampenda, au kwa kuwa unaogopa kuulizwa ushirika umegawa ngapi.

Lakini nisije nikakupa pa kujificha. Wapo wanaosema "mimi mahubiri yangu ni maisha yangu", wakiulizwa kwa nini wanaishi hivyo wanajikunyata, "aa, kawaida tu". Petro aliandika tuwe tayari siku zote kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, kwa upole na kwa hofu. Huenda Bibi mwenyewe akakuuliza: mwanangu, pesa ilikuwa imeshapita, nani alikulazimisha? Hapo sasa sema, bila kuzunguka: "Yesu Kristo ninayemfuata ameniamuru nipatane na niliyemkosea kabla sijamwomba. Nilichelewa, nimekuja." Sentensi mbili zinatosha. Akitaka zaidi atauliza. Akisema "haya, karibu chai", kunywa chai. Kuongoka kwa mtu ni kazi ya Mungu, na Bibi si mradi wako. Ni mtu uliyemdhulumu, na sasa ni jirani yako.

Kuhamia Darajani: usiombe sasa. Ukihama kabla ya jambo hili kuisha utakuwa umemkimbia Bibi, na Unguja utafika na kalamu ile ile na ulimi ule ule. Kweli huku Unguja kuna makanisa zaidi, kuna Mkunazini, kuna Minara Miwili ya Wakatoliki pale Shangani, na ni faraja kubwa kuimba pamoja na wengi. Ila wingi wa Wakristo nao una hatari yake, mtu anaweza kupotelea humo akaonekana mwema kwa kuwa amekaa na wema. Pale Wete mko wachache, na ukikosa Jumapili moja nafasi yako inaonekana. Wayahudi waliopelekwa Babeli waliandikiwa na Yeremia wautakie amani mji ule waliomo na kuuombea kwa Bwana, na mji wenyewe ulikuwa wa watu waliowateka. Wete haijakuteka, imekupa kazi. Ukishamaliza na Bibi, ukakaa msimu mzima ukiandika madeni sawasawa, na bado ukaona mshahara wa Darajani ni bora, au mama yako Korogwe anahitaji uwe karibu na boti, omba uhamisho kwa amani kabisa, hakuna atakayekulaumu.

Kaongee na tajiri wiki hii, asubuhi kabla wateja hawajajaa. Karatasi usiisahau nyumbani. Kisha niandikie uniambie Bibi amesemaje.